Msiba wa Mjomba Kitambi

Alhamisi asubuhi, maduka ya Kariakoo ndiyo kwanza yanapandisha mageti, Latifu aliweka kiganja kwenye tumbo la Mjomba Kitambi, na tumbo likamjibu.

Aliutoa mkono upesi kama kagusa pasi ya moto. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Wabeba mizigo wanapita na marobota kichwani, mama ntilie anapita na ndoo ya uji, hakuna aliyeona kitu. Akaurudisha mkono taratibu. Kweli bwana. Ndani ya tumbo kulikuwa na mtetemo wa chini chini, kama paka anayekoroma.

Sasa Mjomba Kitambi hakuwa mtu. Alikuwa nguzo. Nguzo ya zege, pale mlangoni kabla hujaanza kupanda ngazi, na katikati yake plasta ilikuwa imevimba ikajitokeza mbele kama tumbo la mtu anayeishi kwa posho za vikao. Aliyempa jina hilo ni Latifu mwenyewe, na ndilo jina lililomfanya Latifu awe Latifu.

Maana huyu jamaa alikuwa anakula kwa kuchekesha. Alianza na safu ya gazetini, "Nauli Mkononi", anasafiri halafu anakuja kuwasimulia watu alivyoteseka. Alipanda treni ya Kigoma akakaa pembeni ya beberu la mbuzi lenye tiketi halali wakati yeye tiketi yake imepotea. Alienda Komoro kwa meli akatapika ndani ya kofia ya ofisa wa forodha, na ofisa akaivaa. Alifuatana na wafanyabiashara mpaka Guangzhou, akapotea kutwa nzima kwenye soko la mabegi kwa sababu alidhani yuko Kariakoo na anatafuta njia ya kwenda kwa mama yake. Katika kila safari yeye ndiye mwoga, yeye ndiye anayekimbia kwanza, na watu walimpendea hilo. Kikatoka mpaka kitabu.

Kisha gazeti likakonda, nauli zikaisha. Mhariri akamwambia, andika safari ya karibu. Latifu kwa hasira akaandika safari ya kutoka mlango wa jengo wanaloishi yeye na mama yake mpaka paani, kama vile anavuka nchi. Chini ni Jamhuri ya Mabegi. Ghorofa ya kwanza ni nchi ya mastoo, ambako jua ni tetesi tu. Ya pili ni mafundi cherehani, wanaoongea kwa kupiga kelele hata wakinong'ona. Ya tatu anatawala Bi Nasreen, mama mzazi wa mwandishi, na huko hakujawahi kuwa na uchaguzi. Na mpakani, anaandika Latifu, kasimama ofisa mmoja mwenye tumbo, hakuruhusu upite bila salamu: Mjomba Kitambi.

Watu walicheka mpaka televisheni ikapiga simu. Ikazaliwa "Ghorofa Bila Lifti", Latifu ndiye mwandishi, na Mjomba Kitambi akawa nyota kuliko waigizaji wenye miguu. Kitambi kikivimba, Latifu aliandika kwamba Mjomba kala posho. Likimeguka pande la plasta, aliandika kwamba Mjomba kaanza dayati. Wateja wa jumla kutoka Lubumbashi wakawa wanapiga naye picha. Kuna mtu akamchorea kitovu kwa rangi nyekundu. Na Sitara, dada anayeuza mikoba ya kike pale chini, kila asubuhi alimpapasa tumbo kabla ya kufungua: "Mjomba, niletee wateja leo, na wasiwe wale wa kuuliza bei halafu wanasema narudi."

Sasa huyo Mjomba alikuwa anakoroma.

Latifu alijua mtetemo unatoka wapi. Mwenye jengo, bwana mmoja anaitwa Elimringi, alikuwa anachimba stoo chini ya ardhi. Kariakoo futi moja ya stoo ni dhahabu, na juu hakuna tena pa kwenda, kwa hiyo anaenda chini. Vijana wake walishuka kila siku na sururu na drili, wanapandisha udongo kwa ndoo. Walipopumzika kunywa chai, mtetemo ukakoma. Latifu akashusha pumzi.

Ndipo pande la plasta, kipande chote chenye kitovu, likaachia na kuangukia viatu vyake.

Aliinama akachungulia. Alitegemea kuona zege. Akaona nondo, zenye kutu, na hazikuwa zimenyooka. Zilikuwa zimepinda kwa nje, zote kwa pamoja, kama miguu ya mtu aliyebebeshwa gunia asiloliweza. Na katikati yake mchanga ulikuwa unatiririka, mwembamba, bila haraka, bila sauti. Akaweka kidole kuuziba. Ukatokea pembeni.

Alipiga picha akamtumia Vivek, mhandisi, mtoto wa kaka yake Mzee Kanubhai mwenye duka la vitambaa pale pale chini. Vivek alikuwa Mwanza kikazi. Simu ikaita papo hapo.

"Kaka, hii picha ya kweli au ya kwenye tamthilia?"

"Ya kweli, Vivek. Wallahi."

"Nyinyi si mnaweza kutengeneza kitu kama hiki kwa maboksi?"

"Nimekwambia ya kweli!"

"Basi tokeni," Vivek akasema. "Tokeni wote. Nondo ikishapinda hivyo haibebi kitu. Hilo jengo sasa hivi linasimama kwa mazoea tu."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Wiki. Saa moja. Kaka, toa watu."

Toa watu. Neno jepesi hilo kwa mtu wa Mwanza.

Alianza na Mzee Kanubhai, kwa sababu ndiye aliyekaa karibu zaidi na nguzo, nyuma ya meza yake ya kukatia vitambaa, miaka na miaka.

"Mzee, shikamoo. Tafadhali funga duka, utoke nje. Nguzo inakatika."

"Marahaba," akasema Kanubhai, mkasi mkononi. "Nani anacheza mimi safari hii? Yule mfupi? Mwambie asinitolee sauti ya puani, mimi siongei hivyo."

"Sio tamthilia, mzee! Muulize Vivek!"

Kanubhai akampigia Vivek palepale, wakaongea Kigujarati, akacheka mpaka akatoa miwani. "Masikini mtoto wa watu. Umemwingiza mjini mpaka Mwanza anatetemeka. Bhai, wewe hatari!"

Akaenda kwa Elimringi. Huyo alimkuta kando ya gari lake, simu mbili mkononi. "Kaka Latifu, si wewe uliyesema Mjomba akila posho anavimba? Sasa kavimba unashangaa nini? Nitampaka plasta mwezi ujao, stoo ikiisha." Akafungua mlango wa gari. "Halafu nimekuwa nataka kukwambia siku nyingi. Na mimi niweke hata kidogo kwenye hiyo kitu. Hata napita tu."

Akaenda ofisi moja ambayo tuiache bila jina. Afisa alisikiliza nusu, akamwita mwenzake wa chumba cha pili: "Njoo, njoo umsikilize mwenyewe, laivu!" Walipiga naye picha. Walimsindikiza mpaka mlangoni.

Jioni akamwambia mama yake. Bi Nasreen alikuwa amekaa kitandani anajipaka dawa ya magoti.

"Mama, twende tukakae Ilala kwa dada, hata wiki moja."

"Kuna nini Ilala?"

"Hapa jengo sio zima."

"Latifu baba, mwaka ule uliniambia mheshimiwa sana anakuja kukagua jengo, nikavaa dera jipya nikakaa hapo kutwa nzima na udi. Mheshimiwa alipita?"

"Hakupita, mama."

"Haya. Kafunge mlango, na uusukume kwa nguvu, umeanza kugoma."

Aliusukuma. Jana ulifungika kwa bega, leo mpaka atie na kiuno. Akalala na nguo zake, na viatu, akisikiliza. Sakafuni vigae vilikuwa vinaachia kimoja kimoja, tik, kimya kirefu, halafu tik kwingine. Mtu aliyekuwa akimkimbia beberu gazetini kwa ajili ya kuchekesha nchi nzima sasa alikuwa mwoga kweli, na uoga wa kweli, aligundua, hauna hata mstari mmoja wa kuandika.

Ijumaa baada ya swala, Eliasi akapiga simu. Eliasi ndiye mwongozaji wa "Ghorofa Bila Lifti", kijana wa mbio mbio anayeongea kama anauza viatu mnadani.

"Mzee wa Nauli! Jumapili tunashuti, barabara tumeruhusiwa kufunga, na mpaka sasa sina skripti. Nataka Mjomba mwenyewe, nguzo orijino. Nijaze watu pale chini, mia, mia mbili, wamzunguke wanacheza singeli."

Latifu alikuwa amekaa kwenye benchi la muuza kahawa, ng'ambo ya barabara, analitazama jengo. Aliwaza watu mia mbili wanaruka kwa pamoja.

"Fanya kesho, Eliasi. Nakuomba. Sasa hivi kama unaweza."

"Kamera ziko Bagamoyo kwenye harusi. Jumapili, kaka. Kwani vipi?"

Na hapo, bila kupanga, mdomo wake ukasema: "Hakuna singeli. Mjomba Kitambi amekufa."

Eliasi akapiga ukelele wa furaha. "Amekufa! Wewe ni shetani! Endelea!"

Latifu akaendelea, na kadiri alivyosema ndivyo alivyoona njia. Maana kwa maneno yake mwenyewe hakuna aliyemwamini, lakini skripti watu wanaitii. Ukimwambia mtu wa Kariakoo toka jengo litakuangukia, atakucheka. Ukimwambia toka uonekane kwenye tivii, atakuuliza avae nini.

Akaandika palepale kwenye simu. Msiba wa Mjomba Kitambi. Nje. Ng'ambo ya barabara, mbali na jengo, turubai, mikeka, viti vya kukodi, masufuria ya pilau. Wafiwa ni wapangaji wote, kila ghorofa, asikosekane hata mmoja, kwa sababu mjomba ni wa wote. Tajiri wa ukoo, anayefika na gari kubwa na kutoa hotuba: Elimringi mwenyewe. Wachimba kaburi: wale vijana wanaochimba stoo, waje na sururu zao na udongo wao miguuni, wasioge. Akamaliza, akasoma, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakujali kama inachekesha.

Jumamosi ilipita, sijui ilipitaje. Vijana walichimba. Sitara alipapasa mahali kitovu kilipokuwa, akafuta mchanga kwenye kanga yake, akaenda kuuza.

Jumapili maduka mengi yamefungwa, barabara nyeupe, upepo unasukuma mifuko na maboksi matupu. Turubai likafungwa ng'ambo. Na watu wakatoka, bwana. Walitoka kama Latifu alivyoandika na zaidi. Mafundi cherehani wamevaa kanzu. Wapangaji wa juu wameshuka na watoto wao mgongoni. Sitara kajifunga kanga mbili, macho ameyapaka kitunguu kabla hata kamera haijawashwa. Mzee Kanubhai alifunga duka mwenyewe akaja na nguo nyeupe tupu, kama wanavyovaa kwao kwenye msiba, akakaa mbele kabisa. "Mimi nilikuwa jirani yake," alimwambia kila aliyekaa karibu, na sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo, huwezi kujua. Vijana wa sururu wakapanda kutoka shimoni, wote, wanachekana. Elimringi alikuja na suti.

Latifu alipita katikati yao anatafuta sura. Wa ghorofa ya kwanza wapo. Wa pili wapo. Wa nne wapo. Wa tatu hakumwona.

"Sitara! Mama yuko wapi?"

"Mama kagoma. Nimembembeleza mpaka basi. Anasema msiba hauchezewi, ni uchuro, mtaita kifo cha kweli. Anasema safari hii umekosa adabu kupita miaka yote."

Akainua macho. Ghorofa ya tatu, dirishani, Bi Nasreen kaegemeza mikono kwenye nondo za dirisha, anawatazama kama mwalimu anayetazama darasa linalopigana. Watu wote aliokuwa akiwatungia ule msiba walikuwa nje. Aliyemtungia hasa alikuwa ndani, na kilichombakiza ndani ni huo msiba wenyewe.

"Tuko tayari!" Eliasi akaita. "Kamera!"

Latifu akavuka barabara.

Mlangoni Mjomba Kitambi alikuwa ameshuka. Tumbo halikuwa tena katikati, lilikuwa limeteremka karibu na sakafu, na nondo zimetoka nje wazi. Drili zilikuwa kimya, vijana wako msibani, lakini nguzo ilikuwa inatoa sauti yake yenyewe sasa, mlio mwembamba kama wa kreti tupu la soda linalokanyagwa polepole. Latifu aliishika ngazi kwa mikono, akapanda kama anayepanda mnazi. Vumbi lilikuwa linadondoka kila ghorofa. Nje aliwasikia watu wakianza kulia kwa kamera, kwa mpangilio, kama alivyowaandikia.

"Mama!"

"Usiniite. Kaendelee na uchuro wenu."

"Mama, jengo linaanguka. Sio utani. Naapa kwa Mungu."

"Uliapa na ile siku ya dera."

"Mama, nguzo imekwisha, imekaa chini! Nimeiona sasa hivi!"

Bi Nasreen aligeuka dirishani, mkono kiunoni. "Wewe Latifu ni mwoga toka tumboni mwangu. Mende akiruka unapanda kitandani. Kama hili jengo linaanguka kweli, wewe umepanda huku juu kufuata nini?"

Latifu alifungua mdomo. Hakikutoka kitu cha kuchekesha.

"Nimekufuata wewe," akasema.

Bi Nasreen alimtazama. Alitazama jasho, alitazama vumbi kichwani, alitazama ile midomo ikitafuta hewa. Uso wake ukabadilika taratibu, kama mtu anayesoma barua aliyodhani si yake.

"Nipe baibui langu," akasema.

Akavaa. Akachukua mkoba. Walipotoka koridoni akasimama, akageuka, akashika kitasa.

"Mama! Acha mlango!"

"Nyumba ya Kariakoo naiacha wazi? Wewe una akili?"

Mlango ukagoma. Akausukuma kwa kiuno. Fremu ilikuwa imeshakaa upande. Akausukuma tena, pu, na chini yao jengo likajibu, pu, kama mtu aliyegongewa akaitikia. Bi Nasreen akakiachia kitasa kidole kimoja kimoja.

"Bismillahi," akanong'ona. "Nishike."

Ngazi za mtu mwenye magoti mabovu ni ndefu kuliko treni ya Kigoma. Kila hatua mguu huu, pumzika, mguu huu. Latifu alitaka kumbeba, mama akamwambia ukinidondosha nitakufa kabla ya jengo. Kwa mafundi cherehani kipande cha dari kilianguka nyuma yao. Kwenye mastoo taa ilizimika, wakashuka kwa kupapasa ukuta, na ukuta ulikuwa unatetemeka. Chini, walipopita mlangoni, Bi Nasreen alikiona kile kilichobaki cha Mjomba Kitambi. Alimbana mwanawe mkono mpaka kucha zikaingia.

Wakavuka barabara. Jua lile. Watu wanalia chini ya turubai, Elimringi anamalizia hotuba, na Latifu alitaka kupiga magoti palepale, mpaka aliposikia Eliasi:

"Kata! Jamani! Kata! Imetoka mara moja! Haijawahi kutokea! Asanteni sana, tumemaliza!"

Makofi. Vigelegele. Watu wakasimama, wakaanza kukung'uta nguo.

Hilo hakuwa ameliandika. Alikuwa ameandika jinsi ya kuwatoa, hakuwa ameandika jinsi ya kuwazuia.

"Haya vijana," Elimringi akasema, anafungua kifungo cha suti, "pilau mtakuta, rudini shimoni mmalizie ile kona." Vijana wakabeba sururu. Mama mmoja wa ghorofa ya nne akajitupia mtoto mgongoni, kaacha maharage jikoni. Mzee Kanubhai akatoa funguo za duka.

"Msirudi!" Latifu akapiga kelele. "Linaanguka! Jengo linaanguka!"

Kicheko kilichopasuka hapo, ungedhani ni harusi. "Iweke hiyo, Eliasi, iweke mwishoni!" Sitara akasema, anafuta kitunguu machoni. Latifu akakimbia mbele yao, akatanua mikono katikati ya barabara, na kadiri alivyopayuka ndivyo walivyocheka, na mmoja wa vijana akampita kwapani, akamwigiza mikono.

Ndipo kikasikika kilio.

Si kile cha kamera. Wote waliokuwepo walijua tofauti, kama unavyojua tofauti ya mvua na mtu anayemwaga maji. Kilianzia chini kikapanda, kikakatika, kikaanza tena, kilio cha mwanamke wa makamo aliyeshazika watu. Bi Nasreen alikuwa amekaa lamini, katikati ya barabara, miguu kainyoosha, ushungi umemwanguka begani, anajipiga mapaja.

Hakuna mtu Kariakoo anayempita mama wa watu namna hiyo. Yule kijana wa sururu alirudi nyuma. Mafundi walivua kofia. Wanawake walimkimbilia, wakakaa chini wakamzunguka, na yule mwenye maharage akayasahau. Kanubhai alirudisha funguo mfukoni akaja akachuchumaa. Hata kamera ilishushwa. Barabara nzima ikakaa.

Elimringi aliinama, akatoa mkono wa pole. Bi Nasreen akaushika kwa mikono yake miwili.

"Pole, mama. Pole sana. Nani? Nani amekufa?"

Bi Nasreen alimwinulia macho makavu kabisa.

"Bado," akasema.

Elimringi hakuelewa. Alijaribu kuuchomoa mkono, ukakataa. Alitazama watu, aone kama ni mchezo, akamtazama Latifu, na Latifu alikuwa ameligeukia jengo.

Ilianza kwa mlio kama wa bua la muwa linalokatwa gotini. Mmoja. Kisha mingi kwa pamoja. Mlango wa jengo ukapungua, ndivyo walivyosimulia baadaye, ukawa mfupi, kama mdomo unaofungwa. Ghorofa ya chini ikapiga goti. Zile za juu zikaning'inia kidogo juu ya hewa, pazia la Bi Nasreen likatoka dirishani likapepea, halafu zote zikashuka moja ndani ya nyingine, bila haraka, na ngurumo ikawafikia baada ya macho kuwa yameshaona.

Halafu vumbi. Likavuka barabara kama ukuta, likaingia chini ya turubai, likazima jua. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuwa wameshikana tu, hawajui wameshika nani.

Latifu alianza kuita majina. Sauti yake haikuwa yake. "Sitara!" Kikohozi. "Nipo." Aliita mafundi, wakaitika. Aliita vijana wa shimoni, mmoja mmoja kwa jinsi alivyowajua, na kila mmoja akajibu kwa sauti ya mtoto. "Mzee Kanubhai!" Kimya. "Mzee Kanubhai!" Kimya. Akapapasa gizani kwa magoti, anakanyaga vidole vya watu, anaita, mpaka akashika kitambaa laini, nguo nyeupe isiyo nyeupe tena.

"Nimesikia," Kanubhai akanong'ona. "Nimesikia toka Alhamisi. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nashindwa kukujibu."

Vumbi lilipoanza kutua, ng'ambo ya pili kulikuwa na anga mahali ambapo hapakuwahi kuwa na anga. Hakuna aliyeligeukia lile shimo kwa muda mrefu. Walikuwa wanatazamana, wote weupe kama wamepakwa unga, na Latifu alingoja mtu aseme kitu cha kuchekesha, kwa sababu siku zote kuna mmoja. Hakusema mtu.

Elimringi alikuwa bado ameinama katikati ya barabara.

"Mama," akasema polepole, "niachie mkono sasa."

Bi Nasreen hakuuachia.

"Uende wapi?"